Pumzi Kumi za Andati

Baba Dogo ni mtaa ambao karibu kila mtu anatengeneza kitu asichoweza kukinunua, na Andati hakuwa tofauti. Kazi yake ilikuwa kung'arisha mabomba ya maji, vitasa na bawaba za milango. Vilikuja karakanani vimepiga weusi kama sufuria za matanga, vikatoka vinametameta, vikaenda kufungwa kwenye nyumba za Fedha na mitaa mingine yenye bafu za ndani. Andati mwenyewe alikuwa akioga kwa karai, nyuma ya pazia la gunia, na kitasa cha mlango wake kilikuwa kipande cha waya.

Karakana ilikuwa ya Bwana Gitonga, mtu aliyewapenda wafanyakazi wake kiasi cha kukataa kuwawekea dirisha, wasije wakapigwa na baridi. Ndani mlikuwa na mapipa matatu ya plastiki. La kwanza lilikuwa la sabuni, la tatu la maji, na la katikati lilikuwa la asidi ya naitriki. Ukitumbukiza shaba ya manjano ndani ya pipa hilo la katikati, asidi huchemka bila moto na kutoa moshi wa rangi ya kahawia, mzito, unaokwenda moja kwa moja kwenye macho ya mtu kana kwamba umetumwa. Kwa miaka kumi na miwili moshi huo ulikuwa umempukutisha Andati kope na kuyageuza meno yake ya mbele yakafanana na karanga za kukaanga. Gitonga hakukaa kimya kuhusu jambo hilo. Kila Ijumaa aliwanunulia maziwa, pakiti moja kwa kila mtu, kwani ilijulikana kote kwamba maziwa huosha mapafu. Maziwa yanapitia wapi mpaka yafike mapafuni, hakuna aliyeuliza.

Lakini Andati hakujihesabu kuwa fundi tu. Alijihesabu kuwa msomi aliyekwama kwenye ufundi. Aliacha shule kidato cha pili huko Kakamega, na tangu hapo masomo yake yaliendelea kwenye bucha ya Barre, kule kona. Barre alifungia nyama kwa magazeti makuukuu, na Andati hakuwahi kuitupa karatasi ya nyama kabla ya kuisoma pande zote mbili, damu kwa damu. Mkewe, Khavere, aliyekuwa akiuza nguo za watoto za mtumba alizozichagua sokoni Gikomba alfajiri, alishazoea kupika huku mumewe akimtangazia kuanguka kwa serikali zilizoanguka miaka mitatu nyuma.

Palikuwa na aina moja ya habari ambayo Andati hakuisoma kwa sauti. Habari yoyote iliyotaja mapafu aliikausha juani, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Khavere alijua kwa nini, na katika hilo hakumtania. Mwaka wa tisini na moja walikuwa na mtoto wa kwanza, Marion, mwenye miezi minane. Alishikwa na homa Jumatatu, Jumatano ikawa nimonia, na Alhamisi Andati alisimama kwenye korido ya hospitali moja akiwa ameshika chupa ya uji, akitazama midomo ya mwanawe ikigeuka rangi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja na watoto walikuwa watatu. Hakuna mtu aliyemweleza chochote. Aliambiwa tu aende akatafute jeneza.

Basi Juni ya mwaka wa tisini na tisa alinunua matumbo kwa Barre, na matumbo yale yalikuwa yamefungwa kwa habari iliyomfanya akae chini. Gazeti lilisema kwamba wanasayansi watatu wa Marekani walikuwa wamepewa zawadi kubwa ya dunia mwaka uliotangulia kwa sababu ya gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe. Hufungua mishipa ya damu. Watoto wachanga wanaogeuka rangi ya samawati kwa kukosa pumzi huvutishwa gesi hiyo huko ng'ambo, wakarudi kuwa wekundu. Na si hayo tu: wataalamu wengine walikuwa wameimwagia gesi hiyo virusi vya homa ya mafua ndani ya vichupa vya maabara, wakaona virusi vinashindwa kuzaana. Aya ya mwisho ilianza kwa maneno "Hata hivyo," na hapo ndipo kisu cha Barre kilipokuwa kimekata.

Mtu mwingine angejiuliza ni nini kilichofuata baada ya "Hata hivyo." Andati aliona alichosoma kinatosha.

"Mama Ayuma," alimwita mkewe kwa jina la binti yao, "unajua mimi nafanya kazi na nini?"

"Na Gitonga," alijibu Khavere, akiyaosha matumbo.

"Na naitriki! Ile asidi inaitwaje? Naitriki! Huo moshi unatoka wapi? Kwa naitriki! Watu wamepewa zawadi ya dunia kwa kitu mimi nakivuta kila siku nikilipwa."

"Basi waandikie barua wakukatie kidogo."

Akili yake ilikuwa tayari mbali. Alikuwa akikumbuka kwamba katika karakana ile hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba ameshikwa na homa. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Wote wanne walikohoa kuanzia Januari hadi Desemba, wakachuruzika makamasi mwaka mzima, kwa hiyo hata homa ingekuja isingepata mahali pa kujitambulisha. Andati alilichukua hilo kuwa ushahidi.

Julai ikaingia na baridi yake, ile ya mawingu yanayoshuka mpaka kwenye antena za televisheni na kukataa kuondoka. Homa ilipita ploti kwa ploti kama mkusanyaji kodi, bila kuruka mlango. Jumatano Ayuma, binti yao wa miaka saba, alirudi kutoka shuleni macho mekundu, akakataa chai, akalala na viatu. Alhamisi mwili wake ulikuwa moto, na alikuwa anapumua kwa mdomo, haraka haraka.

Andati aliisikiliza pumzi ile amesimama mlangoni. Hakuna kitu cha kuchekesha katika jinsi alivyosimama.

"Kesho namletea ile gesi," alisema.

Khavere aliinua kichwa. "Unamletea nini?"

"Asidi kidogo kwa chupa, na vipande vya shaba. Tunamfunika shuka, anavuta mara kumi. Virusi vinakufa. Wazungu wamefanya."

"Wazungu wamefanya kwa shuka?"

"Mama Ayuma, mimi siongei mchezo. Ile siku nilisimama pale nikiwa sijui kitu. Leo najua."

Khavere alikaa kando ya mtoto, akamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Alimpenda mume wake, na kwa sababu hiyo alimjua. Angemwambia ni upuuzi, wangebishana hadi Jumapili, kisha Andati angefanya kwa siri. Kwa hiyo hakusema ni upuuzi.

"Sawa," alisema. "Lakini vuta wewe kwanza. Kesho asubuhi, kazini. Ukirudi jioni ukiwa mzima, tutaongea."

Andati alihisi ametukanwa. Kama kuna kitu kinachomuudhi mwanasayansi, ni kuambiwa afanye majaribio. Lakini hakuwa na namna ya kukataa bila kuonekana anaogopa dawa yake mwenyewe.

Ijumaa saa tatu asubuhi Gitonga alipoenda mjini, Andati aliwaita wenzake. Wawili walisema wana kazi. Aliyebaki ni Luseno, kijana wa kupiga brashi, aliyebaki si kwa ajili ya elimu bali kwa sababu kutazama kulimpa sababu ya kutofanya kazi.

"Mzee, una uhakika na hii kitu?" Luseno aliuliza. "Si huwa tunaikimbia?"

"Tunaikimbia kwa ujinga."

Andati alichota asidi kwenye ndoo ndogo, akaiweka chini ya benchi, akatupa ndani yake konzi nzima ya vipande vya shaba, kisha akajifunika gunia, yeye na ndoo pamoja. Moshi ukapanda. Kutoka nje Luseno aliona gunia linafuka kwenye nyuzi zake kama mkate unaotolewa kwenye oveni, akasikia sauti ikihesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye nne pakawa na kikohozi kirefu. Kwenye saba sauti ilibadilika ikawa kama ya mtu mwingine. Kwenye kumi Andati alitoka, machozi yakimtiririka, koo likiwaka, akainua kidole gumba.

Na hapa gesi ile ilimfanyia ujanja ambao hata Gitonga hangeuweza. Ilimwacha. Baada ya nusu saa kikohozi kilipungua, macho yakakauka, na kifua kikawa cha kawaida kabisa. Saa saba mchana Andati alienda nyumbani kula akiwa anatembea katikati ya barabara, kifua mbele, akiwasalimu hata watu aliokosana nao.

"Niangalie," alimwambia Khavere. "Nina shida gani?"

Khavere alimwangalia. "Jioni bado haijafika," alisema, akampakulia sukuma wiki.

Saa tisa na nusu, akiwa ameinama kwenye pipa la maji, Andati alihisi mtu amemkalia kifuani. Aligeuka, hakuona mtu. Alijaribu kuvuta pumzi ndefu, ikafika katikati ikagoma, kama ndoo iliyogonga jiwe kisimani. Akavuta nyingine, fupi zaidi. Alipokohoa, kilichotoka kilikuwa povu, na povu lilikuwa na rangi ya waridi. Alilitazama kiganjani kwa mshangao wa mtu aliyeletewa barua ya jirani. Kisha akaziona kucha zake. Zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, na rangi ile aliijua. Alikuwa ameiona mara moja tu maishani mwake, kwenye korido, midomoni mwa Marion.

Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Alipiga pipa kwa kitasa mpaka Luseno akaja.

Walimbeba kwa mkokoteni hadi barabarani, na hapo wakakutana na pikapu ya Gitonga ikitoka mjini. Gitonga aliposikia habari alishtuka sana, na mtu wa kwanza aliyemhofia alikuwa Gitonga mwenyewe.

"Wakikuuliza," alimwambia Andati wakati Luseno anampandisha nyuma, "waambie ni pumu. Pumu ya ukoo wenu. Karakana usiitaje."

Andati alitaka kumjibu jambo ambalo alikuwa ameliweka miaka kumi na miwili, lakini halikuwa na hewa ya kutokea.

Hospitali ya serikali iliyompokea ilikuwa na foleni hadi kwenye ngazi. Povu la waridi lina faida moja: linakurusha foleni. Walimkimbiza ndani, wakamketisha wima, wakamfunga barakoa ya oksijeni usoni na kumdunga sindano za kutuliza uvimbe wa mapafu. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, Daktari Nthoki. Aliuliza swali moja tu, na Luseno, aliyesikia vizuri maagizo ya Gitonga kuhusu pumu, alimweleza kila kitu kuanzia kwenye matumbo.

Khavere alifika akiwa na Ayuma mgongoni, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Alimkuta mumewe ameketi kitandani kama mfalme kwenye kiti, waya na mirija kila upande, macho yamemtoka. Alikuwa ametunga maneno njia nzima. Maneno mazuri, makali, ambayo angeyakumbuka mpaka uzee. Alipoiona ile mikono ya kung'arisha vitasa imeshikilia ukingo wa kitanda, hayakutoka hata moja. Aliketi chini, akaushika mguu wake kupitia blanketi.

Siku ya tatu walimvua barakoa, akaongea. Sentensi ya kwanza ya mtu huyu aliyerudishwa kutoka mlangoni mwa kaburi ilikuwa hii: "Lakini daktari, gazeti lilisema."

"Gazeti lilisema kweli," alijibu Daktari Nthoki, akaketi. Siku hiyo alikuwa na dakika tano, jambo la nadra. "Pua yako inaitengeneza hiyo gesi hata sasa. Kidogo sana, huwezi kuinusa. Ukipata homa mwili unaongeza kiasi, na ni kweli inaonekana kuzuia virusi visizaane. Kwenye vichupa. Kwa mtu mgonjwa bado hatujui vizuri. Tena ikizidi inageuka kuumiza mapafu yenyewe. Kuna panya waliopewa mafua, na wale waliopunguziwa hiyo gesi ndio waliopona wengi."

"Na wale watoto wa ng'ambo?"

"Wanapewa. Kwa mashine, sehemu kama ishirini katika milioni ya hewa, na mtu ameketi pale anaitazama. Wewe ulipima na nini?"

Andati alifikiri. "Na gunia," alisema.

"Tena hukuivuta hiyo gesi, baba. Hiyo haina rangi. Ikitoka kwenye asidi ikakutana na hewa nyingi inakuwa kitu kingine, huo moshi wa kahawia. Ukifika mapafuni unakutana na unyevu, unarudi kuwa asidi. Unafanya kazi polepole, ndiyo sababu ulikula chakula cha mchana ukijiona mzima. Ni kama ulijitumbukiza kwenye lile pipa, ila kwa ndani."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akipiga chafya mfululizo, bila hata kujiziba. Andati alikuwa na swali jingine, na ilimchukua muda kulipata mahali lilipokuwa limekaa.

"Mwaka wa tisini na moja," alisema, "nilikuwa na mtoto. Alikuwa rangi ileile. Hiyo gesi ya mashine, ingemsaidia?"

Daktari Nthoki angeweza kumpa jibu la kumfariji, na angeweza kumpa la kujionyesha. Aliivua miwani.

"Sidhani," alisema. "Ile ni ya watoto wachanga wa siku chache, ugonjwa mwingine kabisa. Wako alihitaji oksijeni ya kawaida na dawa mapema. Alipata oksijeni?"

"Walikuwa watatu. Mtungi mmoja."

"Basi hukukosa kujua, baba. Mlikosa mtungi."

Andati aligeuza uso ukutani. Khavere, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, alisikia pumzi yake ikikwama na akadhani ugonjwa umerudi. Haukuwa ugonjwa. Miaka minane mtu huyu alikuwa amekausha magazeti juani ili apate kitu ambacho alipaswa kukijua siku ile kwenye korido, na sasa mwanamke wa miwani alikuwa amemwambia kwamba hakikuwepo.

Sayansi haikuwa imemaliza naye. Siku ya tano alianza kupiga chafya. Siku ya sita alikuwa na joto, makamasi na maumivu ya viungo, zawadi kutoka kitanda cha pili. Yaani mtu aliyevuta moshi wa asidi ili athibitishe kwamba unatibu homa, aliipata homa akitibiwa madhara ya huo moshi. Daktari Nthoki alihofia sana, maana mapafu yenyewe yalikuwa bado mabichi, akamwongezea siku nne na kumrudishia barakoa. Pua yake ikafanya ilichojua kufanya, mwili ukaongeza gesi yake bila kuelezwa na mtu, na homa ikaisha. Ayuma naye alikuwa amepona zamani. Alipona siku ya nne kwa uji, maji na usingizi, bila kumshauri mtaalamu yeyote.

Andati aliporudi Baba Dogo alikuwa amekonda, na kupanda mwinuko wa barabara ya kwao kulimtaka apumzike mara mbili. Gitonga alimpokea kwa furaha na pakiti mbili za maziwa.

"Sirudi kwenye pipa," Andati alisema.

"Kwani nani alikwambia ujifunike gunia?"

"Hakuna. Lakini hii karakana ni gunia, bosi. Tofauti ni kwamba tunaingia wanne."

Gitonga alieleza kwamba kazi hii imefanywa hivyo tangu enzi za mkoloni. Andati hakubishana, hakuwa na pumzi ya kubishana, jambo lililowashtua wenzake kuliko hotuba yoyote. Aliwaonyesha tu, pale mlangoni, jinsi anavyotembea hatua ishirini. Luseno aliweka brashi chini. Wale wawili waliokuwa na kazi siku ile, siku hii hawakuwa nayo. Vitasa vya Fedha vilikaa sakafuni vikiwa vyeusi kwa siku nne, mwenye navyo akaja kufoka, na siku ya tano Gitonga alileta fundi wa mawe akatoboa ukuta pande mbili na kuweka feni kubwa ya kuvuta moshi. Wiki iliyofuata alikuwa akiwaonyesha wateja feni hiyo na kuwaeleza jinsi wazo lilivyomjia.

Andati alihamishiwa mezani, kupokea mali na kuandika majina ya wenyewe. Jioni, akishamaliza, alimsaidia Khavere kukunja nguo za mtumba.

Homa ilirudi mwaka uliofuata kama kawaida yake, na jirani mmoja, Wamalwa, mpiga pasi wa ploti ya tatu, akaja na leso puani. Alikuwa amesikia habari za ile gesi. Katika masimulizi ya mtaani gesi hiyo ilikuwa imebakiza kidogo tu ifanye kazi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya pumzi.

"Si unipatie hata tano tu?" Wamalwa alimwomba. "Kumi ndizo zilizidi."

"Nenda ulale," Andati alisema. "Kunywa maji mengi. Ukishindwa kupumua vizuri, kimbia hospitali, usingoje kesho."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Wamalwa alimtazama kwa huruma kubwa, akasema kwamba kweli hospitali zinaharibu watu, akaenda zake kwa mwanamke wa ploti ya sita aliyekuwa akiuza mzizi fulani. Andati hakumwita. Alichukua kaptura ya mtoto kutoka kwenye rundo, akaikunguta, akatafuta pacha wa soksi nyekundu aliyekuwa amepotea tangu asubuhi.